UZI: Daftari la baba, filamu na watoto wadogo wanaokua

BabaDaftari (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa akina baba, akina mama na walezi wote wanaotazama filamu na watoto wa miaka miwili hadi tisa na wanataka kuweka kumbukumbu zitakazowafaa. Sileti orodha ya filamu kumi bora. Filamu inayomfurahisha mtoto mmoja wa miaka mitano inaweza kumliza mwenzake wa umri uleule, na orodha haitakwambia sababu. Daftari litakwambia, likiandikwa vizuri.

Hoja yangu ni moja: andika habari za mtoto, usiandike habari za filamu. Muhtasari wa hadithi unapatikana kila mahali. Kisichopatikana popote ni kwamba dakika ya 22 mtoto alishuka kwenye kiti akaenda kusimama mlangoni.

Kila filamu ipewe ukurasa wake. Juu kabisa weka tarehe, jina la filamu, urefu wake kwa dakika, na umri wa mtoto kwa miaka NA miezi. Miezi usiiache. Mtoto wa miaka mitatu na miezi miwili na yule wa miaka mitatu na miezi kumi wanaitazama picha ileile kwa akili tofauti kabisa, na ukiandika "miaka 3" tu utakuwa umezika jambo lenyewe ulilokuwa unalitafuta. Mstari unaofuata ni hali: mmeanza saa ngapi, alilala mchana au hakulala, ana njaa au ameshiba. Filamu nyingi zinazoambiwa "hazipendi" zilianzishwa mtoto akiwa amechoka.

Kisha gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto dakika, kulia alichofanya kwa mwili wake. Kwa mfano:

34 – kaziba masikio
41 – kageuza uso, kashika mkono
52 – kasimama, anaruka
58 – kauliza maji

Msiandike "ameogopa". Hiyo ni tafsiri yako. Aliyeziba masikio huenda amekerwa na sauti, na dawa yake ni rimoti. Aliyegeuza uso amekerwa na picha. Anayeomba maji au choo mara mbili ndani ya dakika kumi mara nyingi anatafuta njia ya kutoka chumbani bila kusema. Ukiandika neno "ameogopa" kwa wote watatu, baada ya mwezi hutajua nani alihitaji nini.

Sehemu ya tatu ni maneno yake, yaandikwe kama yalivyotoka, bila kunyoosha sarufi. Sehemu ya nne iache tupu, mistari mitatu hivi, uijaze asubuhi inayofuata na tena baada ya siku tatu: alilalaje, nini kimejitokeza kwenye michezo yake, swali gani limerudi. Wengi huiruka sehemu hii, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana mtoto mdogo hachambui filamu kwa mdomo; anaichezea sakafuni kesho yake.

Tumia karatasi na kalamu, si simu. Mwanga wa simu humvuta mtoto macho, nawe ukiishika utajikuta umeacha kumtazama. Filamu ikiendelea andika namba ya dakika na maneno mawili matatu tu. Mwanga wa runinga unatosha. Mengine yajaze ndani ya nusu saa baada ya filamu kuisha, kwa kuwa maneno halisi ya mtoto hupotea upesi kuliko kitu kingine chochote.

Linaloharibu zoezi zima ni kuligeuza mtihani. "Umejifunza nini?" ni swali la kuua daftari. Mtoto akiulizwa hivyo mara mbili tatu, anajua jibu linalokufurahisha, na kuanzia hapo utakuwa unaandika majibu ya kukupendeza. Kaa kimya, subiri aanze yeye.

Karibuni tuendelee. Walimu, mafundi, wauguzi, kila mtu na eneo lake.

---

Mwalimu_Awali

Asante mleta uzi. Naongeza upande wa umri, kwa sababu bila kujua mtoto anaelewa nini utaandika mambo sahihi na kuyasoma vibaya.

Tuanze na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Filamu ya kawaida ya watoto ina dakika 80 hadi 100. Maana yake mtoto wa miaka mitatu haimalizi kwa siku moja. Igaweni mara mbili au tatu, na kila sehemu ikomee pale tatizo moja linapotatuliwa, si pale linapoanza. Daftarini andika "sehemu ya 1, dakika 0 hadi 31". Zipo pia filamu fupi kwa asili yake: Dumbo ya 1941 ina dakika 64, na Le Ballon rouge ya Ufaransa ya 1956 ina kama dakika 34 na karibu haina maongezi.

Miaka mitatu: mpaka kati ya picha na kitu halisi bado haujakaa sawa. Kuna utafiti uliochapishwa 1990 ambapo watoto walionyeshwa bakuli la bisi kwenye runinga, wakaulizwa kama bisi zitamwagika runinga ikipinduliwa juu chini. Wa miaka mitatu wengi walisema zitamwagika; wa miaka minne wengi walijua hazimwagiki. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu akienda nyuma ya runinga kumtafuta mbwa, usicheke. Andika tarehe.

Karibu miaka minne kuna hatua kubwa: kutambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Kabla ya hapo, vitendawili vyote vya filamu (mwovu aliyejibadilisha sura, kitu kilichofichwa bila mhusika kujua) vinampita. Mtoto atauliza: "Kwa nini anafungua mlango, si kuna mbwa mwitu?" Kwake yeye, analolijua yeye kila mtu analijua. Siku swali hilo litakapogeuka kuwa "Hajui! Hajui!" huku akiruka, umeshuhudia akili yake ikivuka. Pigia mstari chini yake. Na ujue kuwa kuanzia hapo ndipo filamu za kuviziana zinaanza kuwa na utamu, na pia ndipo zinaanza kutisha kwa namna mpya.

Kurudia filamu ileile: akina baba wengi huona ni kupoteza muda. Sivyo. Utafiti wa Marekani wa 1999 uliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi mitano kipindi kilekile siku tano mfululizo. Uelewa ulipanda, na watoto wakazidi kujibu na kushiriki kadiri walivyokizoea. Mara ya kwanza mtoto anatazama, mara ya nne anatabiri. Kwa hiyo kila marudio yapewe mistari yake, lakini andika jipya tu.

Jambo la mwisho, mafunzo ya hadithi. Hadithi ikionyesha wahusika wakimcheka mgeni kwa dakika ishirini kisha wakimkubali kwa dakika mbili za mwisho, mtoto wa miaka mitano anaweza kuondoka na zile ishirini. Ukiona daftarini kwamba kesho yake alicheza kile kicheko na si ule upatanisho, msimpe adhabu. Ongea naye kuhusu zile dakika mbili, au mzirudie peke yake.

---

Kidevu

Mwalimu, na filamu zinazorudi nyuma kwenye wakati je? Mhusika ni mtu mzima, ghafla ni mtoto, halafu ni mtu mzima tena.

---

Mwalimu_Awali

Hizo zinawachanganya wengi mpaka wanapoingia shule ya msingi. Mtoto anaona watu wawili tofauti. Sentensi moja inatosha: "Sasa tunaona zamani, huyu ndiye yule bibi alipokuwa mdogo." Iseme picha inapobadilika, si baadaye. Daftarini weka alama pale ulipolazimika kueleza; alama hizo zikianza kupungua, mtoto amekua kwenye jambo hilo.

---

Mshauri_wa_Familia

Mleta uzi amegusa hofu, nami naomba nikae hapo kidogo maana ndiko wengi hukosea kwa nia njema.

Mtoto wa miaka mitatu hadi saba hivi anaogopa kwa MACHO. Kinachomtisha ni sura: meno, macho mekundu, giza, mnyama anayeruka, na zaidi ya yote mtu anayebadilika kuwa kitu kingine. Mhusika mwema mwenye sura mbaya anaweza kumtisha kuliko mwovu mwenye sura nzuri. Kuanzia miaka minane hivi hofu inahamia AKILINI: moto, wizi, ajali, vita, mzazi kufa. Zimwi atalicheka, lakini nyumba kuungua kutamnyima usingizi. Watafiti wa hofu za watoto mbele ya runinga, akiwemo Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wamelionyesha hili mara nyingi.

Matokeo yake kwa vitendo:

Mdogo usimweleze, mshike. "Hiyo si kweli, ni filamu tu" haimsaidii mtoto wa miaka minne hata akiirudia mwenyewe kwa mdomo. Kinachomsaidia ni mwili: simamisha filamu, washa taa, mpakate, mpe maji, mpe kitu chake cha kukumbatia. Kisha mpe rimoti. Mtoto anayejua kidole chake kinaweza kuizima picha hofu yake hupungua.

Mkubwa mweleze, na umweleze kwa ukweli. Jambo hili hutokea mara chache au mara nyingi? Likitokea sisi tunafanya nini? Mtoto wa miaka tisa aliyeona moto kwenye filamu anahitaji kuonyeshwa mlango wa kutokea, basi.

Usimzibe macho kwa kiganja chako huku sauti ikiendelea. Sauti peke yake humfanya ajijengee picha mbaya zaidi. Ukiziba picha, zima na sauti.

Usiku uleule msichambue tukio kitandani. Taja jambo jepesi, acha taa ndogo, kaa naye. Mchana wa kesho mpe karatasi achore kile kitu, kisha aongeze anachotaka: kofia, viatu, kilie, kikimbie. Ule mchoro ubandike kwenye ukurasa wa filamu hiyo. Hofu ikidumu wiki kadhaa, au mtoto akianza kukwepa vitu vya kila siku kama bafu au chumba chake, muone mtaalamu wa watoto na uende na daftari. Tarehe na dakika zitampunguzia maswali mengi.

---

Sinema_Daima

Hapa sikubaliani na kuzima. Ukizima katikati mtoto anabaki na joka akilini, halijashindwa wala halijaondoka. Filamu za watoto zimejengwa hivyo: hofu inapanda, kisha inafunguliwa. Ukimwondoa kabla ya kufunguliwa, umempa nusu mbaya tu. Bora mmalize mkiwa mmekumbatiana.

---

Mshauri_wa_Familia

Ndugu, hoja yako ina uzito kwa mtoto wa miaka saba anayeweza kubeba wazo kwamba "mwisho utakuwa mwema". Wa miaka minne hawezi kuubeba mwisho ambao bado hajauona. Kila dakika unayomlazimisha akae ni hofu ya dakika hiyo tu. Lakini uko sahihi kwamba hadithi isiachwe wazi. Njia ya katikati ni hii: simamisha, msimulie mwisho kwa sentensi tatu, kisha kesho mchana mwonyeshe dakika tano za mwisho peke yake, taa ikiwa imewaka. Akitaka mwenyewe kurudi kwenye ile sehemu iliyomtisha, rudini. Watoto wengi hutaka. Asipotaka, andika dakika na umri, ujaribu tena baada ya miezi sita.

---

Sinema_Daima

Nimekuelewa, na hilo la dakika tano za mwisho ni zuri. Basi niongeze la kazi yangu: baba aitazame filamu peke yake kwanza, kwa spidi ya kawaida. Ukiipeleka mbele haraka unakosa sauti, na sauti ndiyo inayotisha nusu ya wakati. Andika "dakika za tahadhari" zikiwa na mwanzo na mwisho: "63:10 hadi 64:40, mama anazama, muziki mzito." Kama muda ni mdogo, itazame robo ya mwisho, maana kilele huwa huko; na dakika kumi za kwanza, maana vifo vya wazazi katika hadithi za watoto mara nyingi huwekwa mwanzoni ili mtoto wa hadithi abaki peke yake.

---

Mkaguzi_wa_Umri

Alama za umri nazo zieleweke, maana watu wanazisoma kana kwamba ni alama za ubora.

Uingereza, U maana yake inafaa kwa kawaida kuanzia miaka minne. Wengi hudhani U ni kwa yeyote, hata wa miaka miwili. PG ya huko (maana yake mzazi aongoze) inamlenga mtoto wa miaka minane hivi: isimsumbue wa umri huo, lakini wadogo zaidi huenda ikawasumbua. 12A ni ya majumba ya sinema: aliye chini ya miaka 12 anaingia akiwa na mtu mzima. Wengi hudhani "A" hiyo ni ruhusa ya kuwa inamfaa mtoto wa miaka sita. Haimfai, imekuachia wewe uamuzi tu.

Marekani kuna G, PG, PG-13, R na NC-17, kuanzia ya watu wote (G) hadi ya watu wazima tu (NC-17). PG-13 ilianza 1984. Kabla ya hapo PG ilikuwa pana mno, ndiyo maana filamu ya PG ya miaka ya 1970 au ya mwanzoni mwa 1980 inaweza kuwa na matukio ambayo leo yasingepewa PG. Ukichukua filamu ya zamani, angalia mwaka kabla ya alama.

Ujerumani wana 0, 6, 12, 16 na 18. Kati ya 6 na 12 pana pengo kubwa sana, kwa hiyo alama ya 6 ina vitu vya aina nyingi ndani yake. Uholanzi mfumo wao ndio unaonifaa zaidi kwa daftari, kwa sababu pamoja na umri wanaweka vielelezo vya sababu: vurugu, hofu, lugha chafu na kadhalika. Ukijua mtoto wako hana shida na mapigano ya katuni lakini hofu inamkaa, kielelezo cha hofu kina maana kuliko namba.

Pendekezo: kwenye ukurasa andika alama ya nchi mbili tofauti. Zikitofautiana sana, itazame filamu mwenyewe kwanza bila kujadili.

---

Fundi_Spika

Niongelee sauti na skrini, maana nusu ya yanayoitwa "mtoto kaogopa" yanatibika kwa mipangilio.

Filamu huchanganywa kwa ajili ya ukumbi mkubwa. Maongezi yanakaa chini, milipuko inapanda juu sana. Nyumbani baba anaongeza sauti ili asikie maongezi, kisha mlipuko unakuja na mtoto anaruka. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta hali ya usiku au ya kusawazisha sauti, iwashe. Inabana tofauti kati ya sauti ya chini na ya juu. Kama kuna hali ya kukuza maongezi, hiyo nayo iwashe. Kama una spika ya besi, izime kabisa kwa walio chini ya miaka mitano. Mngurumo wa chini wanausikia kifuani na hawajui unatoka wapi. Pima kwa tukio lenye kelele kuliko yote, si kwa dakika ya kwanza.

Kiasi: kiwango salama cha kusikiliza kwa watoto kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatika nusu: 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5. Programu ya kupimia sauti kwenye simu si sahihi sana lakini inatosha kulinganisha leo na jana. Hedifoni za watoto zilizoandikwa "85" bado ni kali kwa filamu mbili tatu kwa wiki pamoja na michezo mingine, shusha zaidi.

Umbali: zidisha ulalo wa skrini (kona hadi kona) kwa 1.6 upate umbali unaopendekezwa mara nyingi kwa mtu mzima. Inchi 32 ni kama mita 1.3, inchi 43 ni kama mita 1.7, inchi 55 ni kama mita 2.2. Kwa mtoto mdogo mimi nazidisha kwa 2 au zaidi, kwa sababu picha inayojaza macho yote inatisha zaidi. Mtoto anayesogea mbele kila mara, hata ukimrudisha, apimwe macho. Hili ni la kuandika daftarini: dakika ngapi zilipita kabla hajasogea.

Zima kile kipengele kinacholainisha mwendo. Filamu hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na runinga hubuni fremu za katikati mpaka picha inaonekana kama matangazo ya moja kwa moja. Pia zima kucheza kwa filamu inayofuata yenyewe. Ukishindwa mengine yote, hili usilikose, maana mtoto hawezi kujizuia na mashine haimsubiri achoke.

Na runinga ifungwe ukutani au kwenye meza yake kwa mkanda. Watoto huipanda wakitaka kumshika mhusika.

---

Muuguzi_Zamu

Fundi, nyongeza ya mwanga. Chumba kisiwe giza kabisa kwa watoto. Taa ndogo nyuma au pembeni mwa skrini iwake. Mimweko ya zaidi ya mara tatu kwa sekunde inaweza kuamsha degedege kwa wachache wenye ubongo unaoathirika na mwanga. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni chenye mimweko ya nyekundu na buluu. Mimweko ikianza na mtoto akaonekana ameganda au kope zinacheza, mfunike JICHO MOJA kabisa kwa kiganja na umgeuze kutoka kwenye skrini. Kufumba macho yote peke yake hakutoshi, mwanga unapita kwenye kope.

Usingizi: filamu iishe saa moja kabla ya kulala. Mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku nzima, mchana ukiwemo. Kwenye ile sehemu tupu ya mleta uzi andikeni saa aliyopata usingizi, si saa aliyopanda kitandani.

---

Mfasiri_wa_Sebuleni

Filamu ikiwa kwa lugha asiyoijua mtoto, wengi hutafsiri kila neno na mtoto anachoka kabla ya baba. Njia inayofanya kazi: sentensi moja kwa kila tukio, na ianze na jina la anayesema. "Sungura anasema hawezi kuogelea." Basi. Nyimbo usitafsiri; kabla wimbo haujaanza sema unahusu nini, kisha nyamaza. Sauti ya filamu ishuke kidogo lakini isizimwe, maana machozi na kicheko havihitaji mfasiri. Na tazama uso wa mtoto, si skrini: akikugeukia, anahitaji sentensi, asipogeuka, ameelewa kwa picha.

Maandishi ya chini kwa mtoto anayejifunza kusoma: kanuni ya zamani ya watengenezaji ni mistari miwili iliyojaa kukaa sekunde sita, na hiyo ni kwa msomaji mzima. Mtoto anayesoma kwa silabi atasoma nusu ya mstari, atakosa picha, atakata tamaa. Anza na filamu anayoijua kwa moyo, washa maandishi ya lugha yake, na mpe kazi ndogo: akamate jina la mhusika kila linapotokea. Andika daftarini siku aliyosoma mstari mzima kabla haujaondoka.

---

Kidevu

Wakuu, walio na watoto wawili wa umri tofauti? Mmoja mitatu, mwingine minane. Daftari moja au mawili?

---

BabaDaftari

Kila mtoto na daftari lake, hata mkitazama pamoja. Ukiwaandika ukurasa mmoja, mkubwa atameza nafasi yote kwa sababu ndiye anayeongea.

Filamu ya pamoja ichaguliwe kwa kipimo cha mdogo. Mkubwa apewe kazi ya kweli: yeye ndiye anayejua dakika za tahadhari na ndiye anayemwambia mdogo "sasa anakuja, ataondoka." Lakini mkubwa apate pia filamu yake, wakati mdogo amelala, angalau mara moja kwa wiki mbili, asipoipata ataanza kumcheka mdogo kwa kuogopa, na hapo mdogo ataacha kuonyesha hofu yake na daftari lako litasoma "sawa" huku mambo si sawa. Dalili ya hilo ni kurasa za mdogo kuwa tupu ghafla.

Mkienda kwenye ukumbi wa sinema, kaeni kiti cha pembeni karibu na njia. Hesabuni trela ndani ya muda wa uvumilivu wa mtoto, maana anachoka kabla filamu haijaanza, na trela nyingine hazilingani na umri wa filamu yenyewe. Kumbi nyingine zina maonyesho maalumu ambapo taa huachwa zikiwaka kidogo na sauti hupunguzwa; kwa mara ya kwanza ndiyo ya kuchagua.

---

Fremu_12

Naona hakuna aliyegusa kutengeneza, na kwa mtoto wa miaka mitano kwenda juu hakuna kinachoiondolea filamu vitisho vyake kama kuitengeneza mwenyewe. Siku swali lake linapobadilika kutoka "kwa nini" kwenda "walifanyaje", mpeni hii.

Mnahitaji simu, kitu cha kuisimamisha bila kutikisika, taa ya mezani, utepe wa gundi na kitu kimoja cha kuchezea chenye miguu inayosimama. Funga pazia. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu linapopita, na filamu yenu itakuwa inapepesa. Hilo ndilo kosa la kwanza la wote. La pili ni simu kujirekebisha mwanga yenyewe: gusa skrini na ushikilie mpaka ifunge ukali na mwanga. Simu ibandikwe kwa utepe huo, na mahali pa meza pawekewe alama. Kama una visikilizio vya waya, kitufe chake cha sauti hupiga picha kwenye simu nyingi, na simu yenyewe haiguswi.

Picha 12 zinatosha sekunde moja. Filamu ya sekunde 10 ni picha 120, ambazo ni nyingi mno kwa mara ya kwanza. Anzeni na 36, sekunde tatu. Kila picha kisogee milimita 5, ambayo ni sentimita 6 kwa sekunde, mwendo wa kutembea wa kitu kidogo. Mtoto asogeze, baba apige, na neno "toa mkono" lisemwe kabla ya kila picha. Mkono utaingia hata hivyo kwenye moja au mbili. Ziacheni, mtoto atazipenda kuliko zote. Akimaliza, mwanasesere akikimbia mno, maana yake hatua zilikuwa ndefu. Akiganda kisha kuruka, hatua hazikuwa sawa. Mwache aligundue kwa kutazama, kisha mrudie zile 36.

Bila simu: vipande 24 vya karatasi isiyo nene sana vilivyobanwa upande mmoja, mpira unaoshuka kidogo kila ukurasa, pindua kwa kidole gumba. Chora ukurasa wa mwisho kwanza na urudi nyuma, maana mchoro wa chini unaonekana kupitia ulio juu.

---

Sinema_Daima

Hiyo ya kuanza na ukurasa wa mwisho ni ya fundi kweli. Mleta uzi, kurasa zikishakuwa nyingi unazisomaje?

---

BabaDaftari

Kila miezi mitatu, kwa kukaa chini na kurasa zote za kipindi hicho. Natafuta mambo matatu tu. Kwanza, dakika ya kwanza ya kuondoka kwenye kiti: ikisogea kutoka 20 hadi 45 kwa filamu za aina moja, urefu unaweza kuongezwa. Pili, aina ya maswali: "nani huyu", kisha "kwa nini", kisha "itakuwaje", kisha "walifanyaje". Mtoto akikaa kwenye "nani huyu" filamu nzima, wahusika ni wengi mno kwake. Punguza wahusika, si dakika. Tatu, kilichorudi kwenye michezo baada ya siku tatu. Filamu iliyomchekesha sana na haikurudi popote imepita. Ile aliyoitazama kimya na ikamrudia mchezoni kwa wiki nzima, hiyo irudiwe.

Mtoto akianza kuandika, mpe safu yake kwenye ukurasa na tahajia yake usiiguse. Na akiomba umsomee ulichoandika alipokuwa mdogo, msomee maneno yake na maswali yake. Mistari ya alipolia au kujificha iruke kama ndugu zake wapo chumbani. Msomee mkiwa wawili, akitaka.